Sanduku la kutagia nyota 1, daktari nyota 4: uzoefu wangu na kinyonga aliyekwama na mayai

Kinyonga wangu ni jike wa Yemen, wale wenye upanga kichwani. Hajawahi kukutana na dume, kwa hiyo sikuwaza habari za mayai. Kumbe hawa hutaga hata bila dume, kama kuku. Nilipoona tumbo limejaa vinundu na ngozi imekolea kijani kibichi chenye madoa ya manjano na buluu, nikaagiza haraka sanduku lililotangazwa kuwa ni "la kutagia vinyonga".

Lilifika zuri, la plastiki inayoonyesha ndani, na mfuniko wenye tundu. Kina chake sentimita 12 tu. Nikajaza mchanga wenye unyevu, nikamweka.

Wanaosema "mwendo wa kinyonga" hawajamwona jike mwenye mayai. Alizunguka kizimba kutwa nzima kama mtu aliyepoteza funguo. Akiingia sandukuni anachimba, mara nasikia kucha zinakwaruza plastiki, kwaru kwaru, amefika chini. Anatoka, anaanza kona nyingine. Siku tatu hivyo. Na kwa kuwa sanduku linaonyesha, alikuwa akiniona hata akiwa shimoni, nami kwa ujinga wangu nilikuwa nachungulia kila baada ya dakika kumi. Jike akijua anatazamwa huacha kuchimba.

Siku ya nne nikamkuta kalala sakafuni mchana, macho yamefumba na kuzama. Kinyonga kufumba macho mchana ni hatari. Hapo si pa kusubiri.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo anayetibu wanyama watambaao. Nyota moja nimeipunguza kwa ajili ya mapokezi: tulikaa saa mbili katikati ya mbwa wanaobweka, ikabidi nimfunike kwa kitambaa asiendelee kugeuka mweusi. Ila kazi ya daktari mwenyewe sina la kulalamika. Alimpima uzito, akampapasa tumbo kwa ncha za vidole, kisha akampiga eksirei. Mayai 34, hakuna lililovunjika wala lililo kubwa kupita njia. Akanieleza kwamba hajazibwa, ila ameishiwa maji na nguvu, na hana mahali anapopaamini. Akampa maji kwa sindano, kisha kalisi, kwa sababu misuli ya kusukuma mayai haifanyi kazi bila kalisi. Nilimuuliza kuhusu sindano niliyoisikia ya oksitosini, homoni ya kuchochea misuli isukume mayai. Akasema kwa mijusi, kinyonga akiwemo, matokeo yake hayatabiriki, tofauti na kwa kobe, na mayai yakiwa yamezibwa inaweza kumpasua ndani. Alinipa saa 24, zikipita bila kitu ni upasuaji.

Nyumbani nilichukua ndoo ya kawaida isiyoonyesha ndani. Nikaweka mchanga uliochanganywa na udongo, kina sentimita 30, nikaulowesha kiasi kwamba nikichoma kidole tundu linabaki bila kubomoka. Nikatundika shuka kuzunguka kizimba, nikaondoka.

Asubuhi nikachungulia pembeni ya shuka: mkia tu ndio unaonekana nje ya handaki. Jioni alikuwa juu ya mchanga, uso umejaa udongo, anashindilia kwa miguu. Amekonda, ngozi ya mbavuni imelegea. Nilifukua mayai 33. Daktari alisisitiza nihesabu nilinganishe na picha, kwa hiyo hilo moja lilininyima usingizi hadi nilipolikuta chini ya mmea siku ya pili yake.

Aliniambia pia kwamba nilikuwa namlisha kupita kiasi. Shibe na joto jingi huzidisha mayai. Sasa akila leo, kesho hali, na taa ya kuotea nimeipandisha juu hadi chini yake ni nyuzijoto 27 hivi.

Lile sanduku nafugia nyenje wa kumlisha. Kwa kazi hiyo linafaa sana, hawatoki.