Nimetoa mtoto akademi nikampeleka shule ya serikali: nyota 3 kwa 5

Majina ya shule sitaji, watu wa Kayole mtajijua wenyewe.

Nianze na akademi, yaani shule ya kibinafsi. Mtoi alikaa pale PP1, ile ya chekechea, mpaka gredi ya tatu, karo 9,500 kila tamu, yaani muhula, bado hujalipa basi na lanchi. Tai safi, soksi mpaka kwa goti, na akiongea Kiswahili anavalishwa diski shingoni anazunguka nayo mpaka ashike mwenzake ameteleza. Wacha nikubali, hiyo ndio nilikuwa nanunua, nilitaka majirani wasikie Kizungu. Lakini mwaka mmoja walimu watatu wamekuja wakaenda, wa mwisho msichana ametoka tu fom foo, na ripoti fomu ikija mtoto amezidisha matarajio kila somo. Sasa siku moja tuko kwa kibanda changu Mutindwa, kastoma amechukua blauzi tatu za hamsini hamsini, ametoa mia mbili, namuuliza huyu wa kuzidisha matarajio chenji ni ngapi, akaanza kuimba tebo.

Kuhama nayo ilikuwa vita. Nilikuwa na balansi ya elfu nne, wakakataa kuachilia jina lake kwa NEMIS, ule mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, mpaka nimalize, na bila hiyo shule mpya haingeweza kumhesabu, na asipohesabiwa pesa ya serikali haikuji. Niliuza belo ya masweta kwa hasara.

Huku serikalini gredi ya nne wako 87 kwa darasa, nimewahesabu mwenyewe siku ya mkutano wa wazazi, dawati la wawili linakaliwa na wanne. Choo usiniulize. Lakini mwalimu! Mama wa TSC, ile tume ya serikali inaajiri walimu, miwani imefungwa kwa kamba, alianza kufunza kabla ya hiyo 2003 Kibaki alifanya praimari ikawa bure, na wiki ya tatu tu akanipigia, "Mama Shiru, huyu kugawanya hajui, tunarudi chini, usimchape." Miaka yote ya akademi hakuna mtu alikuwa ameniambia hivyo. Na lanchi ni ile ya Dishi na County, mpango wa kaunti ya Nairobi, shilingi tano, anagusisha bangili anapewa chakula moto.

Sasa hii maneno ya bure. Siku ya kwanza ni rimu ya karatasi, tishu, hela ya mtihani, ya mlinzi, ya walimu wa bodi, wale shule inajiajiria yenyewe. Nilikasirika nikaenda mkutano nimejipanga kuwaka, hedi akatufungulia hesabu tu: serikali inapea mtoto wa praimari 1,420 kwa mwaka. Mshahara TSC inalipa kando, sawa, lakini chaki, stima, maji, kila kitu kingine kinatoka hapo. Gawa kwa miezi 12 ni kama 118, mikate miwili haifiki, na inakuja ikichelewa. Halafu 2023 gredi ya saba, ile junia sekondari, ikaletwa kwa kiwanja hicho hicho, wao wakapangiwa 15,042 kila mmoja, na madarasa waliyochukua ni ya hawa wadogo. Hapo nikajua mbona dawati lina watoto wanne.

Jirani yangu Baba Kevo anasema dawa ni pesa ifuate mtoto, mzazi apewe vocha achague shule anataka, ati Marekani huko Milwaukee wamefanya hivyo tangu 1990. Nikamwambia sawa Baba Kevo, chukua hiyo 1,420 yako ya mwaka mzima uende nayo akademi, watakupatia sweta, tai utaongezea. Akacheka lakini hajahamisha wake.

Nyota tatu zote ni za mwalimu na chakula. Kama unataka kuhamisha usingoje Januari, enda tamu ya tatu na cheti cha kuzaliwa, maliza balansi kwanza, na ubebe rimu mbili juu moja wataitisha tena.