Wiki tatu na baba yangu katika hospitali za serikali mjini Lubumbashi

Kwa wiki tatu nimemtunza baba yangu, mwenye kisukari na kidonda cha mguu, katika kituo cha afya na katika hospitali kuu ya rufaa hapa Lubumbashi. Sizitaji kwa majina, kwa kuwa kasoro nilizoziona wagonjwa wa hospitali nyingine nao huzisimulia.

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Mji una komini (manispaa) 7 lakini zoni za afya 11, hivyo majirani wa komini moja wanaweza kuwa chini ya hospitali tofauti. Kila zoni ina vituo vyake vya afya na hospitali kuu ya rufaa, na juu yake iko hospitali ya mkoa yenye jina la Jason Sendwe, mwanasiasa ambaye, jambo ninalolipenda, alikuwa msaidizi wa madaktari kabla ya kuingia siasa. Mgonjwa hutakiwa kuanzia chini. Baba alikataa katakata kituo cha afya, tukapanda teksi hadi hospitali, na mlangoni tukaombwa karatasi ya uhamisho ambayo hatukuwa nayo.

Kesho yake, kituoni, muuguzi alifungua kitambaa, akakitazama kidonda kwa muda mrefu bila kukunja uso, akasema, "Papa, hiki kinapita nguvu yetu." Akaandika kipimo cha sukari, dawa alizokuwa akimeza na saa ya kutumwa. Karatasi hiyo moja ilitufungulia njia: daktari aliisoma kabla ya kutuuliza lolote, na mchana huohuo baba akapata kitanda.

Ukaidi wake una historia. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilikuwa na hospitali zake kwa wafanyakazi na familia zao. Wazungu na Waafrika hawakulazwa pamoja. Hata makazi yao yalitenganishwa na uwanja mtupu kati ya mji wa Wazungu na Kamalondo ya leo, kwa hoja kwamba mbu wasivuke. Gécamines, kampuni ya serikali, ilipoirithi migodi mwaka 1967, matibabu yaliendelea kuwa sehemu ya kazi, mpaka kampuni ilipodhoofika katika miaka ya 1990. Kisha mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Watu ambao hawakuwahi kulipia hata sindano wakajikuta kwenye foleni ya hospitali za serikali. Baba bado huweka kadi yake ya matibabu ya kampuni katika mfuko wa shati, ndani ya plastiki. Aliitoa kwenye dirisha la malipo. Karani akaitazama picha ya kijana aliyemo, kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

Madaktari na wauguzi sina la kuwalaumu. Lawama yangu ni malipo. Hospitali hizi huishi zaidi kwa fedha za wagonjwa, kwa hiyo glavu, bomba la sindano, seramu (maji ya dripu) na hata bandeji tulinunua sisi kwanza, kwenye farmasi iliyo ng'ambo ya barabara, ndipo kazi ianze. Jumapili moja farmasi ilifungwa na kidonda kikabaki bila kusafishwa hadi Jumatatu, wala hakuna aliyetuonya Jumamosi ninunue akiba. Kijana wa kitanda cha jirani alikuwa amekwisha kupona, lakini alikaa siku 9 zaidi akingoja ndugu zake wakamilishe deni, na kila jioni mama yake alisonga bukari (ugali) uani kwenye mbabula, jiko la makaa, pamoja nasi watunza wagonjwa, ambao usiku tulilala juu ya mikeka kati ya vitanda.

Nawapa alama 3 kati ya 5, na ningetoa 4 kama bei zingebandikwa ukutani, kwa maana mimi nilizijua moja moja, kila nilipofika dirishani. Anayekwenda abebe mkeka, beseni, ndoo yenye kifuniko na karatasi ya kituo chake, kisha adai fakitiri (hati ya malipo) inayotaja kila kitu kilichotumika. Yangu ilikuwa na seramu 2 ambazo hatukupewa, na ziliondolewa mara tu nilipouliza.

Baba alikatwa kidole kimoja, mguu ukapona. Bandeji hubadilishwa kila Jumanne na Ijumaa katika kituo kilekile alichokikataa, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani, na huenda peke yake.