Kadi ya sauti kwa kompyuta ya zamani: ipi ununue ukiwa Mtwara, na ufanye nini ikikataa kutoa sauti

Kompyuta nyingi za mezani zinazoletwa mbele yangu hapa Mtwara Mjini kwa tatizo la sauti ni za mtumba, zenye umri wa miaka kumi na zaidi, na zinatumika kwa kazi ambazo bila sauti hazifanyiki: kurekodi kwaya na kaswida, kuingiza nyimbo kwenye simu za wateja, kufundishia darasani. Mwenye kompyuta huja akiwa ameshajihakikishia kwamba kadi ya sauti imekufa, na swali lake huwa moja tu, anunue ipi. Jibu langu kwa walio wengi ni kadi ndogo ya nje inayochomekwa kwenye tundu la USB, na nitaeleza kwa nini naiweka mbele ya kadi zenye majina makubwa. Lakini yako mambo mawili ya kutazamwa kabla ya kutoa hela.

Hakikisha kwanza kwamba kuna kilichokufa

Mwalimu mmoja wa kwaya alitoka Masasi na kompyuta yake ndani ya basi, ameipakata safari nzima. "Fundi, imekuwa bubu tangu Jumapili, na Jumamosi hii tunarekodi," aliniambia kabla hata hajaketi. Nilipofungua kasha niliona vumbi limepulizwa vizuri, ila ule waya mwembamba unaotoka kwenye matundu ya mbele kwenda kwenye ubao mama (ubao mkuu wa saketi ndani ya kompyuta) ulikuwa unaning'inia, kiunganishi chake cheusi chenye nafasi kumi kimechomoka. Vijana walikuwa wameisafisha Jumamosi iliyotangulia. Niliurudisha mahali pake, nikachomeka hedifoni mbele, sauti ikatoka. "Mwalimu, hela ya kadi rudi nayo nyumbani," nikamwambia.

Kwa hiyo anza na vitu visivyo na gharama. Chomeka spika kwenye tundu la kijani lililo nyuma ya kompyuta, si la mbele. Kijani ni sauti inayotoka, waridi ni la maiki, na samawati ni la sauti inayoingia kutoka kwenye redio au miksa. Jaribu spika hizo hizo kwenye simu ili ujue kwamba ni nzima. Bonyeza kwa kitufe cha kulia alama ya spika iliyo chini ya kioo, kisha uangalie ni kifaa gani kimechaguliwa kutoa sauti, maana kompyuta iliyounganishwa na kioo kwa waya wa HDMI mara nyingi huipeleka sauti yote kwenye kioo ambacho hakina spika. Mwisho, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, utafute huduma iitwayo Windows Audio na uhakikishe kwamba inaendeshwa. Ukiyamaliza hayo na bado kimya, washa kompyuta upya, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijaanza, na uone kama sauti ya ubao mama imezimwa humo.

Ijue sloti kabla hujaagiza

Nilipoanza kazi hii niliagiza kadi ya sauti kutoka Dar es Salaam kwa jina lake tu, bila kuuliza ni ya sloti gani, yaani mwanya gani wa kuchomekea kadi kwenye ubao mama. Ilifika kwa basi baada ya siku mbili, ikiwa mpya kabisa, na haikuingia: ilikuwa ya PCI ya zamani, nayo kompyuta ya mteja ilikuwa na sloti za PCI Express peke yake. Duka lilikataa kuirudisha kwa kuwa boksi lilikuwa limefunguliwa. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na masika yakiharibu barabara, kama ilivyotokea upande wa Somanga Mei 2024, kosa la namna hiyo linaweza kukukalia wiki nzima.

Fungua kasha, uangalie. Sloti ya PCI ni ndefu, inakaribia sentimita 9, na mara nyingi ina rangi nyeupe au ya maziwa. Sloti ndogo ya PCI Express, inayoandikwa x1, ni fupi sana, kama sentimita mbili na nusu, na kadi yake inaweza kukaa pia kwenye sloti ndefu zaidi za PCI Express. Kwenye PCI ya zamani haiingii kamwe. Kisha pima kasha lenyewe. Zile kompyuta nyembamba za ofisini zinazouzwa kwa wingi za mtumba zinahitaji kadi fupi yenye bati la nyuma la takriban sentimita 8, wakati kadi ya kawaida ina bati la sentimita 12. Piga picha ya ndani kwa simu na umtumie muuzaji. Picha moja inamaliza ubishi wote.

Ya kwanza kwa walio wengi: kadi ndogo ya USB

Hii ni kile kidude kidogo kuliko kidole gumba, chenye tundu la hedifoni na tundu la maiki. Nyingi ya zile za bei nafuu zina chipu ya kampuni ya C-Media ya Taiwan, na zinafuata utaratibu wa pamoja wa sauti za USB ambao Windows XP, Windows 7, Windows 10 na Linux zote zinaufahamu bila kuwekewa draiva yoyote, yaani programu ya kuendeshea kifaa. Kwa mtu ambaye kompyuta yake haina intaneti, au ambaye CD ya draiva ilipotea miaka mingi iliyopita, sifa hiyo peke yake inatosha kuipa nafasi ya juu. Hata tundu la zamani la USB 1.1 linaitosha: sauti ya stirio ya biti 16 kwa kilohezi 48 inahitaji megabiti 1.5 hivi kwa sekunde, nalo tundu hilo linaweza kupitisha 12.

Sababu yangu ya pili ni bahari. Kwa sisi tulio karibu na maji, Shangani na Mikindani na hata Lindi Mjini, upepo unaingia na chumvi ndani ya kasha, na chumvi inakula meno ya kadi na matundu ya ubao mama taratibu mpaka sauti inaanza kukatika upande mmoja. Kadi ya nje unaichomoa, unaifuta, unaifungia kwenye mfuko mkavu. Ikiharibika umepoteza kitu kidogo, na hujafungua kasha.

Upungufu wake usiufumbie macho. Tundu la maiki hupokea upande mmoja tu wa sauti, na limetengenezwa kwa maiki ndogo za kompyuta, kwa hiyo ukichomeka humo sauti nzito ya miksa itapasuka hata ukiishusha vipi. Tena, spika za masikioni za simu zenye maiki, ambazo pini yake ina mistari mitatu, maiki yake haitafanya kazi kwenye tundu la kawaida mpaka upate kigawanyo chake. Nunua pamoja na waya mfupi wa kurefushia USB, ili mtoto akiuvuta waya wa hedifoni asivunje tundu la kompyuta. Na usilipe zaidi kwa sababu kidude kimeandikwa 7.1: chenye tundu moja la kutolea sauti kinatoa njia mbili, kushoto na kulia, na maandishi hayawezi kuongeza ya tatu.

Ya kwanza kwa anayerekodi: kisanduku cha nje chenye RCA

Kwa kwaya, madrasa na studio ndogo naondoa kidude na kuweka kisanduku cha nje chenye viingilio vyekundu na vyeupe vya RCA, mfano wake ukiwa Behringer UCA222 au ndugu yake UCA202. Vyote viwili vinapokea sauti ya miksa kwa nguvu yake halisi, pande zote mbili, kwa biti 16 na hadi kilohezi 48, vinakula umeme wa USB yenyewe, na vina tundu la hedifoni la kujisikilizia. Ubora huo unatosha kabisa kwa albamu ya kwaya. CD yenyewe ni biti 16 kwa kilohezi 44.1. Kuna wanaodharau visanduku hivi kwa udogo wake, lakini rekodi mbaya nilizoletewa zilikuwa mbaya kwa sababu ya maiki kuwekwa mbali na waimbaji au feni kuachwa ikizunguka chumbani, na hakuna kadi inayotibu hayo.

Jambo moja lazima lieleweke: kisanduku hiki hakina kikuza sauti cha maiki wala umeme wa volti 48 unaohitajiwa na maiki za kondensa. Bila miksa, usikinunue. Asiye na miksa atafute kisanduku chenye tundu la XLR, lile la duara la pini tatu la maiki za jukwaani, na aulize kabla ya kulipa kama kina draiva ya mfumo alionao, kwa kuwa vingi vya kisasa havikuandaliwa draiva ya Windows XP, na baadhi havina hata ya Windows 7.

Ya tatu: kadi mpya ya PCI Express

Kadi ya ndani inafaa pale ambapo matundu ya USB yamekwisha, au spika ni za njia sita na unataka zote zilie. Sound Blaster Audigy Fx ni chaguo la kueleweka kwa kompyuta nyembamba kwa sababu inakuja na bati refu na bati fupi. Xonar DX ya ASUS ina sauti safi, ila inahitaji ule waya mdogo wa umeme uliokuwa wa diski za floppy. Bila waya huo kadi haifanyi kazi, na mnunuzi hudhani ameuziwa mbovu.

Ya mwisho: kadi ya PCI ya mtumba

Hapa utakutana na Sound Blaster Live!, iliyotoka mwaka 1998, na kadi za chipu ya CMI8738. Nazipenda, na Linux inazitambua vizuri mpaka leo, lakini draiva zake za Windows mpya ni shida, hasa ile Live!. Zinunue tu kama ubao mama hauna USB ya kuaminika na bei ni ndogo kweli. Itazame meno yake kwa mwanga wa tochi: ukiona ukijani kwenye dhahabu, sugua polepole kwa kifutio cha penseli, kufuata urefu wa jino, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Msasa usiguse hapo, kwa sababu dhahabu yenyewe ni utando tu, na ikiondoka shaba iliyo chini itaota kutu ndani ya miezi michache.

Kuifunga kadi ya ndani

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki utoke, kisha shika chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi. Ikandamize kadi kwa vidole gumba viwili mpaka meno yote yazame sawasawa; ikiinama upande mmoja, kompyuta haitaitambua. Kaza skrubu ya bati. Halafu ingia kwenye BIOS uzime sauti ya ubao mama, ili Windows isipate kadi mbili na kuchagua ile isiyotoa kitu.

Ikikataa

Bonyeza tena kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc na uangalie orodha ya vifaa. Alama ya njano yenye namba 28 maana yake draiva haipo. Namba 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza, na hapo badilisha sloti au draiva kabla ya kulaumu kadi. Kama hujui draiva ya kutafuta, fungua sifa za kifaa na usome utambulisho wake: VEN_10EC ni Realtek, VEN_1102 ni Creative, VEN_13F6 ni C-Media, na kwa kidude cha USB cha C-Media utaona VID_0D8C. Andika namba hizo kwenye karatasi uende nazo mahali penye intaneti. Windows XP iliyowekwa upya bila Service Pack 3 mara nyingi hushindwa kuitambua sauti ya ubao mama mpaka sasisho hilo liwekwe. Kwenye Linux, fungua terminal (dirisha la kuandikia amri) na uandike alsamixer. Safu yenye herufi MM imefungwa, na herufi M kwenye kibodi huifungua.

Sauti ikifanya kazi leo na kesho ikapotea baada ya umeme kukatika, badilisha betri ya CR2032 kwenye ubao mama. Ikiisha nguvu, mipangilio ya BIOS hujifuta kila umeme unapokatika, sauti ya ubao mama inajiwasha tena, na kompyuta inaweza kuiacha kadi yako.

Ule mngurumo mzito unaosikika pale tu miksa inapounganishwa, nao hutokana na kompyuta na miksa kuchukua umeme kwenye soketi mbili tofauti. Zichomeke zote kwenye kamba moja ya umeme yenye waya wa ardhi. Wako wanaokata ile pini ndefu ya plagi, ambayo ndiyo ya ardhi, ili mngurumo ukome, na unakoma kweli, lakini tangu hapo hitilafu yoyote ndani ya miksa inaweza kufika kwenye mkono wa aliyeshika maiki. Mngurumo ukibaki, nunua kitenganishi cha sauti, kikopo kidogo chenye transfoma ndani, na ukiweke kati ya miksa na kisanduku.