Pikipiki adimu za kasi: ipi ununue ukiwa Nairobi, na ipi uiache kwa picha

Wadau, kuna siku mtu anachoka kuangalia picha kwa simu usiku na anaamua lazima apate moja, ile mashine adimu yenye historia, na hapo ndipo kelele inaanza juu kila mtu anataka kukushauri na nusu yao hawajawahi kubadilisha hata plagi. Mimi nitazipanga kivyangu. Sipangi kwa bei wala kwa umaarufu, napanga kwa swali moja tu: Jumapili saa kumi na mbili asubuhi na ile baridi ya Limuru, ukibonyeza stata, itawaka, ikufikishe Naivasha na ikurudishe?

Namba moja ni Suzuki Hayabusa, lakini si yoyote, ni ya 1999 ama 2000. Najua kuna mtu ashacheka, atasema Hayabusa ziko mingi tu, lakini hizo mbili za mwanzo mita yake ya spidi inaandika mpaka 350, kabla makampuni hayajakubaliana kufunga baiki zao zisipite 300, so ni kipande cha historia ambacho bado kinauzwa kwa bei ya binadamu. Injini ni 1299cc na inatumia injeksheni, yaani petroli inapimwa na kompyuta badala ya kabureta, na hiyo injeksheni hapa kwetu ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nairobi iko juu ya bahari karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, injini yoyote isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu yake, na ya kabureta zaidi ya hapo inakunywa petroli nyingi kuliko hewa, plagi zinakuwa nyeusi kama sufuria ya makaa mpaka fundi akuwekee jeti ndogo, ile tundu ya kupitisha petroli kwa kabureta. Ugonjwa wa Hayabusa za kwanza ni fremu ndogo ya nyuma, ile inashikilia kiti, ilikuwa ya aluminiamu na ilikuwa inapasuka, baadaye Suzuki wakahamia chuma. Toa kiti, washa tochi, angalia. Ukikuta mwenyewe alishaweka ya chuma, wakusanyaji watanuna lakini mimi ningeshukuru.

Pili ni Honda Fireblade ya 1992 ama 1993, ile 893cc ya Tadao Baba, injinia wa Honda. Ilikuwa na kilo 185 wakati wenzake wa nguvu hiyo walikuwa wazito kama ng'ombe. Iko na kabureta nne, lakini fundi mzuri wa Industrial Area anazijua akiwa amefunga macho. Shida ni gurudumu la mbele, ni inchi 16, na tairi za saizi hiyo zenye uwezo wa spidi hiyo hautazipata kwa maduka ya spea ya Kirinyaga Road, so ukiagiza agiza mbili.

Tatu, Ducati 916, na hapa nitakaa kidogo juu hii ndiyo inavunja watu roho. Ilitoka 1994, Massimo Tamburini ndiye aliichora, Carl Fogarty akachukua nayo ubingwa wa dunia wa Superbike 1994 na 1995, na mpaka leo ukiiegesha Concours, yale maonyesho ya magari pale Ngong Racecourse, watu wanaacha magari wanakuja. Kuna beshte yangu alipata moja nyekundu kwa gereji ya Karen, kilomita kidogo sana, imekaa miaka sita bila kuguswa, akaona amepata dhahabu. Manze. Petroli ilikuwa imegeuka gundi, tangi ndani ni kutu, na mikanda ya taimingi, ile inaendesha valvu, ilikuwa ya siku iliyotoka dukani. Mikanda ya Ducati haihesabu kilomita peke yake, inahesabu miaka pia, kila miaka miwili hivi unaibadilisha hata kama haijatoka kwa gereji, juu ikikatika valvu na pistoni zinasalimiana na huo ni mwisho wa injini. Yeye kwa raha zake aliweka betri na akaanza kupiga stata. Bahati yake haikuwaka. Fundi ndiye alimwokoa, lakini vile alimaliza kulipa angekuwa amenunua Fireblade na chenji. Tena exosti ziko chini ya kiti, so kwa jam ya Waiyaki Way mapaja yanaiva, na Expressway usiiwazie, pikipiki haziruhusiwi.

Nne ni Honda RC30, na inaniuma kuiweka nne juu ndiyo naipenda kuliko zote. Injini ni V4, silinda nne kwa umbo la V, 750cc, kamshafti zinaendeshwa na gia, konrodi za titaniamu, Fred Merkel akabeba nayo ubingwa wa Superbike 1988 na 1989. Zilitengenezwa kama 3,000. Bei ya moja safi huko Ulaya unanunua ploti Kitengela, unajenga na ukuta. Spea, Honda wenyewe walianza 2020 kutengeneza upya baadhi yake, lakini faringi, lile ganda la nje, ikikwaruzwa na tuta moja la Mai Mahiu utalia. Nunua kama tayari uko na ingine ya kuendesha.

Ducati Desmosedici RR, zilitengenezwa 1,500 tu, ilikuwa dola 72,500 Marekani ikiwa mpya 2008, hiyo achia wenye helikopta. Na mtu akikuambia anauza Yamaha R7 adimu, uliza mwaka. Ile ya kukusanya ni ya 1999, zilitengenezwa 500 tu, silinda nne. R7 ya siku hizi ni silinda mbili, pikipiki poa kabisa, lakini hakuna uadimu hapo.

Sasa makaratasi. Kabla hujatuma pesa Japan, malizana kwanza na KEBS (shirika la viwango) na KRA (mamlaka ya ushuru) kuhusu umri wa baiki na ushuru, juu Kenya ina ile sheria ya miaka nane kwa magari yaliyotumika na hutaki kujifunza sheria mzigo ukiwa bandarini. Kwa hivyo mimi ningetafuta iliyo nchini tayari, na namba ya pikipiki ya Kenya, ile inaanza na KM. Soma namba ya chesisi pale shingoni kwa fremu, soma ya injini, linganisha na logbuku (cheti cha umiliki) herufi kwa herufi, halafu transfa ifanyike eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, mkiwa mmekaa meza moja, pesa iende baada ya hapo. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa exosti, ikiwa moto ashaanza kukuficha kitu, na akikuambia logbuku iko kwa wakili inakuja wiki ijayo, maliza chai yake na urudi nyumbani.