Seti ya M20 HV 10.9 ya zinki: nzuri, lakini si ya kila kiungo

HV ni bolti za chuma za nguvu ya juu za kukazwa kwa mkazo maalumu; M20 ni kipenyo cha mm 20, 10.9 ni daraja la nguvu. Seti ni bolti moja, nati moja na washa mbili, zote za kiwanda kimoja, kwa viwango vya Ulaya vya EN 14399-4 na EN 14399-6. Kichwa cha bolti kiwe na alama 10.9 HV, nati 10 HV, washa herufi H. Dukani usimalize kwa kusoma tu, jaribu na spana: M20 HV hushikwa na spana ya 32, bolti ya kawaida ya M20 na ya 30. Spana ya 30 ikikaa sawasawa, hiyo si HV hata kama kichwani pameandikwa 10.9.

Kazi yake ni kubana mabamba yasiteleze: viungo vya boriti za kreni, madaraja, mahali penye mtikisiko. Ikikazwa ipasavyo, bolti moja hubana kwa 172 kN, takriban tani 17 na nusu. Kwa kenchi za ghala la kawaida ni kutupa pesa, bolti ya daraja la chini, 8.8 ya EN 15048, isiyohitaji mkazo maalumu inatosha.

Ubora wa seti hii uko kwenye nati, maana ndiyo iliyopakwa kilainishi kiwandani. Kwa daraja la K1 (daraja la kiwandani la uhusiano wa torki na mkazo), torki ya rejea ya M20, yaani nguvu ya kuzungusha nati, ni kama Nm 447. Sanduku likiachwa wazi kwenye mvua au vumbi la saruji, msuguano hupanda, na kipimo cha k kinachoutegemea kikifika 0.20 badala ya 0.13, torki ileile hukupa kama 112 kN tu, na spana ya torki italia “kk” kana kwamba mambo ni shwari. Fundi anayeongeza grisi yake anaharibu upande wa pili: bolti huvutika kupita kiasi, na kwa kuwa nati ya HV ni fupi (milimita 16), hesi huanza kuchunika kimyakimya badala ya bolti kukatika. Hilo mkaguzi haoni kwa macho.

Washa zina ukingo wa ndani uliochongwa mshazari. Kwa washa ya kichwani mshazari uelekee kichwa cha bolti, na kwa washa ya upande wa pili uelekee nati. Ukigeuza ile ya kichwani, kona ya mviringo chini ya kichwa hupanda juu ya ukingo, kichwa hakilali, na mkazo hupungua baadaye. Kwa 10.9 washa ni mbili, hakuna mjadala, kwa 8.8 ya kukazwa, moja chini ya upande unaozungushwa inatosha.

Kukaza: tundu liwe 22 mm, zungusha nati, si kichwa. Anza katikati ya kiungo kwenda pembeni, mabamba yote yagusane kwanza. Raundi ya kwanza Nm 335. Weka alama ya rangi inayokatiza nati na ncha ya bolti, kisha zungusha nati zaidi kwa pembe ya nyuzi 60 kama unene wote wa mabamba pamoja na washa haufiki 40 mm, au 90 kwa 40 hadi chini ya 120. Hesi moja angalau itokeze nje ya nati.

Zinki husaidia kwenye hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa, lakini nunua iliyochovywa kiwandani. Kupeleka 10.9 nyeusi (isiyo na zinki) kwa mchovyaji wa mtaani ni hatari: asidi ya kusafishia huingiza haidrojeni ndani ya chuma, na bolti inaweza kukatika ghafla baada ya kukazwa. Na seti iliyokwisha kukazwa kikamilifu kisha ikafunguliwa ni chakavu, nati na washa zake pia.