Taa kubwa za studio za mtumba: softiboksi inabaki, boksi la umeme linaondoka

Kama una taa kubwa za studio za mtumba na hujui uzifanyie nini, usiuze zote wala usibaki nazo zote. Zitenganishe kwanza.

Zangu nilizitoa Dar es Salaam kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga studio yake, zikaja Mtwara kwa basi: boksi la umeme linalolisha flashi, la wati-sekunde 2400 (kipimo cha nguvu ya flashi), vichwa viwili vya flashi, stendi nzito za chuma, na softiboksi, yaani kifuniko cha kitambaa cha kulainisha mwanga, ya pembe nane yenye upana wa sentimita 150. Studio yangu ni chumba kimoja Chikongola na dari iko chini. Softiboksi ikisimama, mteja anapita ubavuubavu.

Boksi la umeme kwa picha za mahafali ukumbini halina mpinzani. Wahitimu wamejipanga safu tatu, unaweka f/11, tundu dogo la lenzi, na kila uso unatoka. Ila kazi inayonilisha ni bibi harusi, watoto, na familia zinazokuja wakati hela ya korosho imeingia. Hao nawaweka mita moja na nusu kutoka kwenye taa. Nikishusha nguvu mpaka mwisho, boksi bado linamwaga wati-sekunde 150, na hata kwenye ISO 100, kamera ikiwa haivuti mwanga sana, siwezi kushuka chini ya f/11. Ukitaka f/2.8, tundu kubwa, ili ukuta wa nyuma ufifie, lazima ufunge kioo cheusi mbele ya lenzi, na hapo kulenga macho kunakuwa kazi ya kubahatisha.

Halafu joto. Taa ya kuongozea ndani ya kichwa, inayowaka muda wote kuonyesha mwanga utaangukia wapi, ni ya halojeni. Mwezi wa kwanza, bibi harusi alianza kuvuja jasho puani kabla sijamaliza kumnyoosha shela. Umeme ukikatika, jenereta ndogo inakoroma kila flashi inapojijaza, na feni inapunguza mwendo.

Ukipata boksi la namna hii lililokaa kabatini miaka mingi, anza na nguvu ya chini kabisa, liache liwake muda mrefu ndipo upandishe. Na usimpe fundi wa redio alifungue. Kapasita zake zinatunza umeme hata waya ukiwa umechomolewa, na umeme huo unaua.

Softiboksi siiuzi. Ulaini wa mwanga unatokana na upana wa kitambaa kinachoutoa na ukaribu wake na mtu, si wingi wa nguvu. Flashi ndogo ya juu ya kamera inaacha doa jeupe kwenye paji la uso. Softiboksi inatandaza mng'ao kwenye ngozi nyeusi mpaka picha inapumua. Alikuja bibi mmoja wa Kimakonde mwenye chale usoni. Nikaisogeza ubavuni kwake, karibu kabisa, na kila mstari wa chale ukaonekana bila uso kukaza. Wajukuu zake walitaka ichapwe kubwa ya ukutani.

Bahati nzuri, pete ya kuifungia kwenye taa ni ya mtindo wa Bowens. Kampuni hiyo ya Uingereza ilifungwa 2017, lakini mtindo wake umebaki kila mahali. Nimeifunga kwenye flashi ya Godox SK400II ya wati-sekunde 400, inayoshuka hadi sehemu moja ya 16, yaani wati-sekunde 25. Kwa chumba changu inatosha na kubaki. Kuitunza softiboksi tu ndiko kunataka bidii: mvua za Desemba hadi Aprili zinaleta ukungu kwenye kitambaa, kwa hiyo naianika kivulini.

Boksi na vichwa vyake nawatangazia wenye studio kubwa Dar wanaopiga magari na samani. Mnunuzi aje alijaribu mwenyewe kabla hajatoa hela. Stendi haziendi nalo. Ufukweni Shangani, kusi ikivuma, stendi nyepesi za siku hizi zinaanguka na taa yake.