Pawabenki ya 20,000 mAh: Saa 3 Kwenye Boksi, Saa 5 Kwenye Soketi

Pawabenki ninayoitumia kwa mwezi wa nne sasa ina ujazo wa 20,000 mAh (milliampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa), matundu mawili ya kutolea umeme, tundu moja la kuingizia na taa nne ndogo zinazoonyesha kiwango cha chaji. Mbele ya boksi yake kumeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hujaa kwa muda wa saa 3. Ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya niichague na kuziacha nyingine, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi, kwa kuwa mtu anayeweka betri kwenye chaji ili aondoke nayo ana haki ya kujua itakuwa imefika wapi.

Mara ya kwanza niliichaji ikiwa imekwisha kabisa, kwa chaja ya wati 18 na waya uliokuja nayo, huku nikiandika muda kila taa ilipoacha kumeta. Taa tatu za mwanzo zilikamilika baada ya saa 3 na dakika 30. Ya nne peke yake ilichukua saa 1 na dakika 50, ikawa jumla ya saa 5 na dakika 20. Nikadhani soketi ina hitilafu. Nikarudia siku mbili baadaye kwenye soketi nyingine, na tofauti ikawa ya dakika chache tu.

Jibu lilikuwa mgongoni mwa pawabenki yenyewe, kwa maandishi ya kijivu madogo kiasi kwamba ilinibidi niyamulike kwa tochi ya simu: umeme unaoingia hauzidi volti 9 na ampea 2, yaani wati 18. Seli, yaani betri zilizo ndani yake, zina wastani wa volti 3.7, kwa hiyo 20,000 mAh, yaani ampea-saa 20, zikizidishwa kwa 3.7 ni sawa na wati-saa 74. Ukigawa 74 kwa 18 unapata saa 4 na ushei, hata kama kusingekuwa na umeme unaopotea njiani kwa joto, na kupotea kupo. Chaja iwe na nguvu kiasi gani, haiwezi kuijaza kwa saa 3, kwa sababu pawabenki yenyewe haipokei zaidi ya wati 18. Maandishi ya mbele yanakanushwa na maandishi ya nyuma ya bidhaa hiyohiyo, na hilo ni kosa ninalolihesabu kubwa.

Kuhusu ile taa ya nne, hata hivyo, siilaumu hata kidogo. Betri ya lithiamu-ioni huchajiwa kwa hatua mbili. Kwanza mkondo wa umeme hushikiliwa palepale huku volti za seli zikipanda. Seli za aina hii zinapofikia volti 4.2, ambazo ndizo kikomo chake, volti hushikiliwa hapo na mkondo huachwa upungue wenyewe kidogo kidogo, mpaka ubaki sehemu ndogo sana ya ule wa mwanzo, ndipo chaji hukatwa. Nilichomeka kipimo kidogo cha umeme kati ya chaja na waya nikayaona haya: taa ya nne ilipoanza kumeta kilisoma wati 17, baada ya saa moja 9, na karibu na mwisho 2. Mtengenezaji ambaye angelazimisha mkondo mkubwa hadi mwisho angeokoa dakika kadhaa na kuziumiza seli, kwani lithiamu inayokosa nafasi ya kuingia ndani ya grafiti (kaboni iliyo upande hasi wa seli) hujikusanya juu yake kama utando wa metali, ambao ukikua unaweza kuleta shoti. Hatari hiyo huongezeka kwenye baridi, ndiyo maana betri hizi hazifai kuchajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Pawabenki hii imeniridhisha hapa: muda wote ilikuwa na uvuguvugu tu, na ilipojaa ilikata umeme yenyewe.

Pawabenki hii huathiriwa upesi na aina ya waya. Nilipotumia waya mwingine, mwembamba, kipimo kilibaki kwenye volti 5 na ampea 1.4, yaani wati 7, na baada ya saa 8 nikakuta taa ya tatu bado inameta.

Kwa anayechaji usiku kucha, inafaa, na simu yangu ya 5,000 mAh huijaza mara tatu bila shida. Kwa mwenye nafasi ya saa mbili tu za umeme siipendekezi, maana atapata chini kidogo ya nusu. Yangu naendelea kuitumia. Nitakapohitaji ya pili nitaigeuza kwanza nisome mgongoni, nikitafuta inayopokea wati 30 au zaidi.